Kaya ya Mtu Mmoja

Faili elfu mbili mia tatu na kumi na nane zilibadilika majina kwa sekunde arobaini, na Sephora akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kumpongeza. Hakumpata. Ilikuwa Jumanne, saa sita na nusu mchana, na watu wote wa ofisi walikuwa wamekwenda kula.

Tumpongeze sisi basi, maana kazi ilikuwa kazi. Kwa miezi mitatu wakimbizi waliotoka Fizi na Uvira, upande wa Kongo, walikuwa wamepanga foleni mbele ya nyumba ile ya Mutanga Nord, mjini Bujumbura, ambako shirika la akina Sephora lilikuwa limekodi vyumba vinne na veranda. Kila mtu alikuja na karatasi yake moja inayoonyesha kwamba yeye ni yeye. Huyu alileta cheti cha kuzaliwa, yule kadi ya ubatizo, mwingine ripoti ya darasa la tatu iliyoliwa na maji pembeni. Karatasi zilipitishwa kwenye mashine ya kuskani, zikarudishwa kwa wenyewe palepale, na mashine, ambayo haimjui mtu wala heshima yake, ikaziita kwa namba: SCAN0001, SCAN0002, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Wafadhili wa Ulaya hawakutaka namba. Walikuwa wametuma fomu, na fomu ilitaka kila faili ianze na jina la familia, lifuatwe na jina la ubatizo. Sephora alikuwa na orodha aliyoichapa kwa vidole vyake mwenyewe, namba upande huu, jina upande ule. Akatafuta kiprogramu kidogo cha bure, akakilisha ile orodha, akabonyeza. SCAN0417 ikawa MAWAZO_Adélaïde. SCAN0418 ikawa WILONDJA_Jérémie. Raha aliyoisikia ilikuwa ile ya mtu aliyefagia ua mzima kwa ufagio mmoja.

Alipoona ua ni safi, akaamua kuusafisha zaidi. Akapanga orodha yake kwa alfabeti, akafuta ile safu ya namba kwa sababu ilikuwa inamchafulia macho, akahifadhi, akaenda kula kwa moyo mweupe. Wako watu wanaoharibu mambo kwa uvivu, na hao tumewazoea. Sephora aliharibu kwa usafi.

Jumatano asubuhi alimimina majina yote ndani ya fomu ya wafadhili. Fomu ile ilikuwa inajihesabia yenyewe. Ikiona majina ya familia yanayofanana inawaweka watu pamoja na kuwaita kaya, na kila kaya ya watu wawili kwenda juu inapewa kadi moja ya matibabu yenye mistari minane. Aliyeandikwa kwenye kadi anatibiwa bure kwenye zahanati mwaka mzima. Asiyeandikwa anarudi nyumbani na homa yake. Mtu mmoja peke yake, kwa hesabu ya fomu, si kaya, na mstari wake unageuka mwekundu.

Karibu ukurasa wote ulikuwa mwekundu.

Mtu yeyote wa Bujumbura angejua mara moja kilichotokea, ndiyo maana aibu ilikuwa kubwa. Huku kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Baba anaitwa hivi, mama vile, watoto sita wana majina sita, na hakuna anayeshangaa. Warundi wanafanya hivyo, na Wakongomani wa ng'ambo ya ziwa vilevile. Kile kisanduku cha "jina la familia" watu wamekijaza tangu shule ya msingi kwa kuandika jina lao wenyewe, wakasonga mbele, bila kujiuliza kinataka nini hasa. Sephora ana ndugu watatu na hakuna hata mmoja anayefanana naye jina. Alikuwa anayajua hayo yote. Ni kwamba hakuyafikiria, kwa sababu hakuna anayefikiria jambo analoamka nalo kila siku.

Alishuka chini polepole na kipanya, mwekundu baada ya mwekundu, mpaka akafika kwenye mstari mmoja uliomfanya aondoe mkono mezani. RIZIKI_Esperance. Kaya ya mtu mmoja. Mkuu wa kaya: yeye mwenyewe. Umri: miaka minne. Haistahili.

Sephora alikuwa anamjua Esperance. Ni binti wa Mama Mawazo, muuza ndagala, yaani dagaa, wa mtaa wa Buyenzi, na ana ugonjwa wa damu, sikoseli. Damu ikimkamata viungo, mtoto yule halii kama watoto wengine, anauma shuka. Mama yake humbeba mgongoni mpaka zahanati, na kila safari hubembeleza mlangoni kwanza. Mama Mawazo alikuwa akiingojea hiyo kadi kama mtu anavyongoja mshahara, na fomu ilitakiwa iondoke Ijumaa saa sita mchana. Ikienda hivi ilivyo, mama atakuwa kaya yake, mtoto kaya yake, na wote wawili hawatapata kitu.

Sephora akaenda kwa mkuu wake wa kazi, shefu Valéry.

"Rudisha zile namba," Valéry alisema. "Mashine ilipiga familia moja moja. Namba zikirudi, familia zinarudi."

"Namba nilizifuta, shefu."

"Ku orodha pia?"

"Ku orodha pia."

Valéry alivua miwani, akaiweka juu ya meza. Ni mtu mwenye maneno mengi anapokosa chai, lakini siku hiyo hakupandisha sauti. Aliuliza tu ni kwa nini, na Sephora akajibu kwamba zilikuwa zinachafua. Angetukanwa angepata nafuu.

Hapakuwa na njia ya kuwaita upya watu elfu mbili na zaidi kwa siku mbili. Njia iliyobaki ilikuwa kufungua faili moja moja na kusoma karatasi yenyewe, kama ina jina la mama au la baba. Sephora akaanza. Vyeti vya kuzaliwa vilimsaidia, lakini vilikuwa vichache. Kadi ya ubatizo ilitaja mama wa ubatizo, ambaye si mama. Ripoti ya shule ilimwambia kwamba mtoto fulani hajui hesabu na anaongea sana darasani. Kufika Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa amefungua faili mia tatu, yuko bado kwenye herufi B, na familia alizoziunga hazikufika thelathini.

Kidole kilichochoka ndicho kilichomwokoa. Alitaka kubonyeza jina la faili, akateleza, akabonyeza kichwa cha safu ya pembeni, ile ya tarehe na saa, na orodha nzima ikaruka kwenye skrini na kujipanga upya. Alikasirika. Alipotaka kuirudisha akaliona jina la Mawazo, na chini yake Wilondja, na chini yake Asende, Ebinda, na mwisho Riziki. Mama na watoto wake wanne walikuwa wamesimama pamoja katikati ya alfabeti iliyovurugika.

Akakaa vizuri kwenye kiti. Jina lilikuwa limebadilika, lakini saa ambayo mashine ilipiga karatasi haikuguswa na mtu. Karatasi ya Mama Mawazo ilipigwa saa tatu na dakika kumi na mbili. Ya mwanawe Jérémie sekunde ishirini baadaye, ya Prodige sekunde kumi na nane tena, na hivyo hivyo mpaka ya Esperance. Kila faili ilikuwa bado inakumbuka siku yake na zamu yake. Foleni nzima ya miezi mitatu ilikuwa pale.

Furaha ikampanda kichwani, ikashuka haraka. Foleni ni foleni; familia moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi? Alitazama zile saa kwa muda mrefu kabla ya kuliona jambo la pili. Sekunde ishirini, ishirini, kumi na nane, halafu dakika tatu kimya. Sekunde ishirini, ishirini na tano, halafu dakika mbili na nusu kimya. Ilikuwa hivyo siku zote, kurasa zote.

Akamwita Valéry. Valéry akainama juu ya bega lake, akatazama, akapiga hesabu kichwani kama kawaida yake.

"Hizi dakika tatu, mashine ilikuwa inafanya nini?"

Mashine ilikuwa chini ya mkono wa Mama Epiphanie, Mrundi wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akikaa veranda na kupiga karatasi zote hizo. Sasa, kazi ile ikiwa imekwisha, alikuwa jikoni akiosha vikombe. Akaitwa, akaja akijifuta mikono.

"Mama Epiphanie, kila familia ulikuwa unapumzika dakika tatu?" Valéry aliuliza.

"Apana, shefu. Mi sikupumzika hata siku moja."

"Sasa hapa ulikuwa unafanya nini?"

Mama Epiphanie aliangalia skrini, na ni wazi hakuona kitu pale ila tarakimu. "Nilikua nasalimia watu," alisema.

"Dakika tatu?"

"Mutu anatoka mbali na batoto, anakaa mbele yako, utamupokonya karatasi tu? Nauliza habari yake. Nauliza ya batoto, ya nyumbani, ya mugonjwa kama yuko. Nauliza na ya bale balibakia kule. Bakimaliza kunijibu, naanza kupiga." Akawatazama wote wawili, mmoja mmoja. "Kama nilikosea, mutaniambia."

Sephora alisimama, akamkumbatia mama wa watu na mikono yake yenye maji, na Mama Epiphanie akakubali kukumbatiwa bila kuelewa sababu.

Mchana ule kazi ilikwenda mbio. Kimya cha zaidi ya dakika moja na nusu ni familia mpya, ndivyo walivyokubaliana. Sephora akakiamuru kiprogramu kifuate hivyo: kifungue folda mpya kila kinapokutana na salamu, na ndani yake kiwapange watu wote mpaka salamu inayofuata. Safari hii alinakili kila kitu kwanza kwenye flashi mbili, moja akaiweka ndani ya blauzi. Zilizaliwa folda mia tatu na tisini na sita. Akapiga simu kwa familia kumi kuhakikisha, na zote kumi zilikuwa sawasawa, mpaka mtoto wa mwisho. Kwenye fomu ya wafadhili akajaza kaya kwa namba ya folda badala ya jina la familia, wekundu ukafutika wote, na Valéry, ambaye si mtu wa kucheka, alicheka.

Folda ya Mama Mawazo aliifungua kwa ajili ya raha yake mwenyewe, baada ya kumaliza. Alitaka kumwona Esperance amekaa na mama yake. Esperance alikuwepo. Lakini kaya ilikuwa na watu sita, na wa sita aliitwa LUSAMBYA_Pierre, aliyezaliwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu.

Mama Mawazo hana baba Bujumbura. Sephora alitazama saa. Kati ya Esperance na huyo Pierre zilikuwa zimepita sekunde thelathini na tano.

Akaenda jikoni mwenyewe. "Mama Epiphanie, kuna muzee mumoja, Pierre. Huyu haukumusalimia?"

Mama Epiphanie aliacha kikombe ndani ya beseni. "Nilimusalimia. Nikamuuliza habari za nyumbani, akasema hakuna nyumbani. Nikamuuliza bale balibaki Fizi, akasema bako ndani ya udongo. Sasa ningeendelea kuuliza nini?"

Sephora alisimama pale na mkono kwenye fremu ya mlango, na roho ilimuuma kweli, kwa sababu alielewa kwamba huyu mzee hakuwa peke yake katika kuwa peke yake. Kila mtu asiye na wa kuulizwa alikuwa amesalimiwa kwa kifupi, na kila aliyesalimiwa kwa kifupi alikuwa amemezwa na familia iliyomtangulia. Akamkalisha Mama Epiphanie mbele ya skrini, akamsomea watu wa mwisho wa kila folda. Mama Epiphanie alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, halafu anasema "huyo". Alisema "huyo" mara kumi na moja, bila kusita hata mara moja.

Valéry alikuwa na shauri lake, na lilikuwa shauri la huruma. "Tuwaache hapo hapo. Tukibatoa banakua kaya ya mutu mumoja, fomu inabafukuza. Tukibaacha, majina yao yako ku kadi. Kosa letu limebasaidia."

"Kadi itakaa ku nyumba ya Mama Mawazo, shefu. Muzee akiugua, ataenda na nini? Hata hajui kama jina lake liko pale. Na yeye mama hajui."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kuuliza."

Valéry alikuna kichwa. Fomu yenyewe, alimkumbusha, inaeleza kaya ni nini: ni watu wanaokula chungu kimoja. Hawatakiwi kuwa ndugu. Lakini lazima wale kweli, kwa sababu wafadhili hutuma watu kutembelea nyumba. "Usiombe mutu adanganye," alisema, akaenda zake.

Mama Mawazo alipokea simu sokoni, na kelele za Buyenzi zikaingia zote pamoja naye, nyundo za magereji na mtu aliyekuwa akitangaza bei ya nyanya.

"Mama, habari za Esperance?"

"Ameamuka vizuri leo. Kadi imetoka?"

"Bado. Mama, unamujua muzee anaitwa Pierre Lusambya?"

"Apana. Ni nani?"

Sephora alimweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele, kuhusu saa na sekunde na fomu, na katikati ya maelezo akajiona anamwomba muuza ndagala mwenye watoto wanne na chumba kimoja na nusu amchukue mtu asiyemjua.

"Ah, ule muzee wa kofia," Mama Mawazo alisema. "Alikua nyuma yetu ku foleni. Esperance alikua analia, akamuazima ile kofia achezee. Anaishi wapi?"

"Hapo hapo Buyenzi. Analala ku gereji moja, anailinda."

"Na anakula wapi?"

"Sijui, mama."

Kuna mtu aliuliza bei, Mama Mawazo akamjibu, akarudi kwenye simu.

"Ile kadi iko na mistari ngapi?"

"Munane."

"Na sisi tuko batano. Sasa unaniuliza mi juu ya nini? Muulize yeye kama anakuja kula." Halafu akaongeza kwa haraka, kama mtu anayeogopa kusifiwa, "Lakini umuambie mapema, ni ndagala kila siku. Asikuje akafikiri ni nyama."

Wengine kumi Sephora aliwapigia jioni ile, wao na familia zile zilizokuwa zimewameza. Familia tatu zilikubali. Mbili zilisema zitafikiri. Tano zilikataa, na mmoja wao alikata simu. Mtu mwenye watoto tisa chini ya turubai ana haki ya kukata simu, na Sephora hakumchukia. Majina saba yaliyobaki bila chungu aliyaandika kwenye karatasi ya peke yake, na barua ya kuwaombea kadi za mtu mmoja mmoja. Valéry aliirekebisha Kifaransa chake, akaitia sahihi, akasema ataipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya wafadhili mjini na kukaa hapo mpaka wamjibu.

Alibaki Mzee Pierre mwenyewe. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi. Ijumaa saa tatu asubuhi ilikuwa bado imezimwa. Saa nne vilevile. Fomu ilikuwa tayari, imekamilika mistari yote isipokuwa mmoja, na Sephora alikuwa amemwacha Lusambya Pierre chini ya Riziki Esperance bila kumthibitisha na bila kumfuta. Saa tano na robo alipiga tena kwa kukata tamaa, ikaita.

"Allô," sauti nzito ilisema, taratibu. Mtu alikuwa akipiga chuma karibu naye.

"Papa Pierre, shikamoo. Ni Sephora, wa biro ya Mutanga, pale mulipigisha karatasi."

"Nimewapotezea kitu?"

"Apana, papa. Ni sisi." Akamweleza, safari hii kwa ufupi. Alimwambia kuhusu kadi, kuhusu chungu kimoja, kuhusu mama wa ndagala na watoto wake wanne, Jérémie, Prodige, Chanelle na yule mdogo wa kofia. Alimwambia kwamba mama huyo ameulizwa na amekubali, na kwamba si lazima, na kwamba ni ndagala kila siku. Upande wa pili nyundo ilikuwa imesimama.

"Papa?"

"Niko hapa."

"Mutasemaje?"

Mzee alikohoa kidogo, akasafisha koo kama mtu anayetaka kuongea mbele za watu.

"Banakula saa ngapi?"

Sephora alitazama skrini. Alikuwa na majina yao yote, tarehe za kuzaliwa, sekunde walizopigwa, namba ya nyumba na ya barabara. Saa ya kula hakuwa nayo. Akamwomba mzee angoje, asikate, akachukua simu ya Valéry mezani kwake bila hata kuomba ruhusa, akampigia Mama Mawazo kumwuliza.